Fundi Saa wa Alençon: Mzee Louis Martin, Baba yake Teresia



Tarehe 12 Julai Kanisa linawakumbuka Watakatifu Louis Martin na Zélie Guérin, wazazi wa Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu. Teresia mnamfahamu. Picha yake na yale maua ya waridi nimeiona karibu kila parokia niliyosali, na kwaya zenye jina lake sizihesabu. Mama yake naye ameanza kufahamika, hasa kwa akina mama. Leo nataka kumwandika mzee mwenyewe, yule fundi saa, ambaye mara nyingi tunampita tu tukikimbilia kwa binti.

Nina sababu yangu na ni bora niiseme mapema. Baba yangu ni fundi seremala mstaafu. Alianguka kwa kiharusi nikiwa mwaka wa pili wa falsafa. Tangu hapo kuna maneno yanayosemwa kijijini kwetu juu yake na juu yangu, na nilishtuka kukuta maneno ya namna hiyohiyo yalisemwa juu ya huyu mzee wa Ufaransa aliyefariki mwaka 1894. Tutafika huko. Tuanze na saa.

Louis alizaliwa Bordeaux tarehe 22 Agosti 1823. Baba yake alikuwa askari, kapteni katika jeshi la Ufaransa, kwa hiyo utoto wake ulikuwa wa kuhamahama, leo mji huu kesho ule, mpaka mzee alipostaafu na familia ikatulia Alençon, mji mdogo wa Normandie. Yeye hakufuata bunduki. Alipofika karibu miaka 20 alikwenda Rennes kwa ndugu wa baba yake kujifunza kutengeneza saa, baadaye akaendelea Strasbourg, na mwisho Paris. Msije mkadhani ni ufundi wa haraka. Saa za wakati ule hazikuwa na betri. Ndani kuna springi unayoikaza kila siku, kuna magurudumu madogo yenye meno yanayosukumana, na chembe moja tu ya vumbi inatosha kuifanya ichelewe. Fundi anaifungua yote, anasafisha kipande kimoja kimoja, anatia tone la mafuta ambalo kwa macho matupu hulioni, halafu anairudisha kila kitu mahali pake. Mkono ukitetemeka, umeharibu. Ukiwa mtu wa hasira, kazi hii haikufai.

Katikati ya kujifunza huko alikuwa na wazo lingine kabisa moyoni. Mwaka 1845, akiwa na miaka 22, alipanda milima ya Alpi mpaka monasteri ya Mtakatifu Bernardo Mkuu, iliyo mpakani mwa Uswisi na Italia, karibu mita 2,500 juu ya usawa wa bahari. Ni watawa maarufu, wale wenye mbwa wakubwa, waliokuwa wakiokoa wasafiri waliofunikwa na theluji. Louis aliomba kupokelewa. Mkuu wa monasteri akamuuliza kuhusu Kilatini. Hakuwa nacho. Akaambiwa arudi nyumbani, amalize kwanza masomo hayo, ndipo aje tena.

Hapa naomba mniruhusu nicheke kidogo, maana kuna mafrateri wenzangu humu ndani ambao Kilatini nusura kiwarudishe nyumbani mwaka wa kwanza, na mimi ni mmoja wao.

Louis hakukata tamaa pale pale. Alirudi Alençon, akanunua vitabu, akamlipa mwalimu, na kwa zaidi ya mwaka mmoja alisoma Kilatini, huku akiandika kila gharama kwenye daftari lake la matumizi, kama fundi yeyote makini. Kisha akaugua, masomo yakamshinda, akaacha. Daftari halielezi alijisikiaje. Tunachojua ni kwamba alikwenda Paris kumalizia ufundi, na mwaka 1850 alirudi Alençon akafungua duka la saa, na vito pia, mtaa wa Pont-Neuf. Aliishi na wazazi wake pale pale. Miaka minane ikapita hivyo. Alinunua kijumba kama kamnara chenye bustani nje kidogo ya mji, akaweka humo vitabu vyake, nyavu na ndoana, maana alipenda mno kuvua samaki. Samaki wazuri aliwapelekea masista Waklara. Mama yake alikuwa na wasiwasi kwamba mtoto atazeeka peke yake.

Ukikaa na hadithi hii kama mseminari inakugusa mahali. Tunapenda kusimulia wito kama njia iliyonyooka: uliitwa, uliitika, umefika. Louis aliitika, akafungiwa mlango, na hapakutokea sauti yoyote ya kumweleza kwa nini. Akaketi mezani kwake, akaweka lenzi jichoni, akaendelea kutengeneza saa za watu.

Jambo moja lilijulikana mji mzima: Jumapili duka la Martin halifunguliwi. Nanyi mnajua biashara. Jumapili ndiyo siku wakulima walipokuja mjini, wachumba wanatafuta pete na mikufu. Maduka mengine ya aina hiyo yalikuwa wazi. Marafiki walimshauri aache hata mlango wa pembeni wazi, nani atajua. Alikataa. Fedha ilikwenda kwa wengine, na yeye hakufilisika, ingawa nadhani hata angefilisika asingefungua.

Zélie naye alikuwa amerudishwa mlangoni. Alitaka kuwa sista wa kuhudumia wagonjwa, mkuu wa nyumba akamwambia hapana. Basi akajifunza lesi ya Alençon, kitambaa cha uzi mwembamba kilichosifika Ulaya nzima, kinachofumwa vipande vipande na wanawake majumbani mwao, kila mmoja na hatua yake, halafu vinaunganishwa kwa mishono ambayo jicho halitakiwi kuiona. Kuunganisha ndiyo ilikuwa kazi ya Zélie, na alikuwa bingwa, na alikuwa na biashara yake mwenyewe kabla hajamjua mume. Mwaka 1858 alipishana na Louis kwenye daraja la Mtakatifu Leonardo pale Alençon, na moyoni akahisi kwamba huyu ndiye aliyeandaliwa. Miezi mitatu baadaye, usiku wa manane kuamkia tarehe 13 Julai, walifunga ndoa katika kanisa la Mama Yetu.

Siku hiyohiyo walikwenda Le Mans kumtembelea dada yake Zélie aliyekuwa mtawa, na bibi harusi alilia siku nzima kwa uchungu wa kuuona utawa alioukosa. Fikiria wewe ndiye bwana harusi! Louis hakukasirika. Yeye mwenyewe alikuwa na kidonda kilekile, akamwelewa. Miezi kumi ya kwanza waliishi kama kaka na dada, mpaka padre muungamishi alipowasaidia kuona kwamba Mungu hakuwaita kwenye ndoa ili waigize monasteri. Wakabadilika kweli. Kati ya mwaka 1860 na 1873 walipata watoto tisa.

Tisa, na wanne walizikwa. Wavulana wawili, wote wakiitwa Joseph, walikufa wachanga, wa kwanza mwaka 1867, wa pili 1868. Mwaka 1870 ulichukua wasichana wawili: Hélène wa miaka mitano mwezi Februari, na mchanga Mélanie-Thérèse mwezi Oktoba. Wazazi walikuwa wameombea mapadre kwa wale wavulana. Watu walimwambia Zélie ingekuwa heri asingewazaa, na neno hilo lilimuumiza sana. Wakabaki mabinti watano: Marie, Pauline, Léonie, Céline, na wa mwisho Teresia, aliyezaliwa tarehe 2 Januari 1873.

Mwaka 1870 ndipo mzee alipofanya kitu ambacho wanaume wa kwetu wakikisikia wanakohoa kwanza. Biashara ya lesi ya mke ilikuwa imekua kuliko duka la saa. Louis akamwachia mpwa wake duka, ufundi alioujifunza miji mitatu akauweka kando, akawa anashika hesabu za mkewe, anasafiri Paris kutafuta oda na kupeleka mzigo. Sijaona popote kwamba alijisikia kupungua. Baba yangu alipostaafu useremala alikaa mwezi mzima bila kuongea na mtu, kwa hiyo najua kuacha kazi ya mikono yako si jambo dogo.

Nyumbani alikuwa baba wa namna gani? Wa michezo. Aliwatengenezea watoto vitu vidogo vya kuchezea, aliimba kwa sauti nzuri, aliiga sauti za ndege. Kila binti alikuwa na jina lake la utani: Marie almasi, Pauline lulu, Teresia malkia mdogo. Mkali alikuwa mama zaidi. Kwa maskini wote wawili walikuwa mkono mmoja. Louis alikuwa katika Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, na kuna kisa cha kituo cha treni: alimkuta mgonjwa wa kifafa ana njaa, hana nauli ya kurudi kwao. Mzee alivua kofia yake, akatia fedha yake kwanza, halafu akazunguka kwa abiria mmoja mmoja akiwaombea wamchangie. Mwenye duka la vito, mtu wa heshima zake, anapitisha kofia kituoni! Mimi kupitisha kapu la sadaka tu kanisani naona aibu.

Zélie aliugua saratani ya ziwa. Juni 1877 alikwenda Lourdes na mabinti wakubwa kuomba uponyaji, akarudi bila kupona, na tarehe 28 Agosti akafariki akiwa na miaka 45. Louis alikuwa na miaka 54, mjane, na mtoto wa mwisho hata miaka mitano hakufikisha.

Alençon ndiko kulikokuwa na marafiki, mto wake, kamnara kake, makaburi ya mke na watoto wanne, na mama yake mzazi aliyekuwa bado hai. Waliomzunguka walitaka abaki. Lakini kaka yake Zélie, Isidore Guérin, alikuwa mfamasia Lisieux, na mke wake angeweza kuwa mama kwa hawa wasichana. Novemba ileile mzee akafunga mizigo. Wakahamia nyumba iliyoitwa Les Buissonnets. Mjini kule hakujulikana. Akawa sasa mstaafu kabisa, mtu wa bustani, wa kusoma chumba cha juu darini, wa kutembea mchana akimshika Teresia mkono, wakiingia kanisa hili leo na lile kesho kuabudu Ekaristi, na sarafu ya maskini iko mfukoni tayari. Jioni walicheza dama, wakasomewa juu ya sikukuu ya Kanisa inayofuata, kisha mzee akawapakata wale wadogo wawili akawaimbia. Teresia aliandika baadaye kwamba ili ajue watakatifu wanasali vipi, alimwangalia tu baba yake.

Halafu wakaanza kuondoka. Oktoba 1882 Pauline aliingia Karmeli ya Lisieux. Oktoba 1886 akafuata Marie, mkubwa, ambaye mzee alimtegemea kwa nyumba nzima. Mwezi huohuo Léonie, yule mgumu wa kuelewana naye ambaye hata shuleni alikuwa ameshindikana, aliingia kwa Waklara ghafla, bila kuagana vizuri. Dada zake wakaudhika, baba akamtetea. Baada ya wiki chache akarudi nyumbani. Mwaka uliofuata alijaribu tena, kwa Masista wa Visitasio huko Caen, na Januari 1888 akarudi tena. Kila mara alikuta mlango wazi. Nawaandikia hili nikiwafikiria vijana wenzangu waliotoka seminarini au unovisi na sasa wanaogopa kufika kwao kwa sababu ya macho ya watu. Léonie alikuja kudumu mwaka 1899, miaka mitano baada ya kifo cha baba yake. Mzee hakuyaona hayo. Yeye aliona kurudi kwake tu, na akampokea.

Sasa tufike pale nilipoahidi.

Tarehe 1 Mei 1887 Louis alipata kiharusi cha kwanza. Upande mmoja ulikufa ganzi kwa muda, akatibiwa, akapata nafuu. Tarehe 29 Mei, siku ya Pentekoste, Teresia wa miaka 14 alimfuata bustanini akamwambia anataka kuingia Karmeli. Hesabu wenyewe: hata mwezi haujaisha. Alikuwa anamwomba ruhusa mgonjwa, na alijua. Wote wawili walilia. Mzee alisema tu kwamba bado ni mdogo, kisha akakubali. Akasogea kwenye ukuta mfupi, akang'oa kaua keupe na mizizi yake yote, akampa, akimweleza jinsi Mungu alivyokatunza mpaka siku hiyo. Teresia alikahifadhi.

Na hakuishia kukubali. Wakubwa walipokataa kwa sababu ya umri, yeye mwenyewe alimpeleka kwa Askofu wa Bayeux, na Askofu alishangaa kukuta baba ana haraka ya kumtoa mtoto sawa na haraka ya mtoto kujitoa. Novemba akampeleka Roma, na tarehe 20 Teresia akapiga magoti mbele ya Baba Mtakatifu Leo XIII kuomba ruhusa. Mwishowe tarehe 9 Aprili 1888 mlango wa Karmeli ulifunguliwa, mzee akapiga magoti kizingitini akambariki malkia wake, akarudi nyumbani.

Karibu na wakati huo aliwasimulia mabinti zake, pale kwenye chumba cha wageni cha Karmeli, kwamba alikuwa amerudi kusali katika kanisa la Alençon alikofungia ndoa, na akajazwa furaha mno mpaka akamwambia Mungu furaha hii imezidi, anataka kuteseka kitu kwa ajili yake. Nisiwafiche, sentensi hiyo inaniogopesha. Sijawahi kuthubutu kuisali.

Juni 1888 mzee akapotea. Siku nne hajulikani alipo, mpaka Céline na mjomba wake walipompata Le Havre, mji wa bandari. Akili ilikuwa imeanza kwenda na kurudi, kwa sababu ya mishipa ya damu ya ubongo. Kuna siku alikuwa yeye kabisa. Tarehe 10 Januari 1889 Teresia alipovikwa vazi la kitawa, baba alimshika mkono akamwingiza kanisani, mzuri, mtulivu. Mwezi mmoja baadaye, katika njozi za ugonjwa, aliona vita mbele yake akashika bastola kuwalinda mabinti zake. Ikabidi anyang'anywe. Tarehe 12 Februari mjomba Isidore akampeleka Bon Sauveur, hospitali ya wagonjwa wa akili huko Caen. Mnajua kwetu mtu akisemwa amepelekwa Mirembe watu wanavyoshusha sauti. Kule ilikuwa vilevile, pengine zaidi.

Na Lisieux ikaanza kusema. Eti mabinti ndio waliomvuruga. Eti watatu wamemwacha mzee wakajifungia, na yule mdogo ndiye aliyemmaliza. Kwa Teresia, maneno hayo yalipenya hata kuta za Karmeli.

Nimeyasikia haya kwa lugha yetu. Likizo ile ya kwanza baada ya kiharusi, shangazi mmoja aliniuliza mbele ya wageni, kwa upole kabisa, kama Mungu hakuwa na vijana wengine wa kuwaita kuliko mtoto wa kiume pekee wa seremala. Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimefaulu vizuri somo la nafsi na utu. Niliweza kueleza Locke anavyosema kwamba mtu kuendelea kuwa yuleyule kunategemea kumbukumbu, na nikaeleza Boethius anavyompinga kabla hata Locke hajazaliwa. Halafu baba akaniangalia akaniita kwa jina la kaka yake aliyekwishafariki, akaniuliza kama nimeleta mbao. Nilijibu ndiyo, nimeleta. Ile shahada haikunifundisha kujibu hivyo.

Kwa hiyo nilipofika kwenye miaka ya Caen nilisoma polepole. Mzee alikaa kule zaidi ya miaka mitatu. Mwanzoni Céline na Léonie walipanga chumba karibu na hospitali, ingawa waliruhusiwa kumwona mara moja tu kwa wiki. Vyakula alivyoletewa aligawia wagonjwa wenzake. Akili ilipotulia alikwenda kanisani na kukomunika. Aliwaeleza waliomtunza kwamba maisha yake yote alizoea kuamuru, na sasa amepewa nafasi ya kutii, na kwamba alihitaji unyenyekevu huo. Yaani alijua yuko wapi. Watu hudhani mgonjwa wa namna hii haelewi, lakini kuna masaa anaelewa kila kitu, na hayo ndiyo masaa magumu. Mwezi Juni 1889 walimletea karatasi za kuachia usimamizi wa mali yake, na alilia, kwa kudhani watoto wake hawamwamini tena. Yule aliyekuwa akiandika kila senti kwenye daftari.

Kama mngeniuliza utakatifu wake uko wapi, nisingetaja Jumapili ile ya duka kufungwa, japo ni nzuri. Ningewapeleka Caen. Fundi wa saa hajui tena ni saa ngapi, na bado anamkatia mwenzake nusu ya mkate.

Teresia hakukubali kwamba miaka ile ilipotea. Aliihesabu kuwa miongoni mwa iliyomtajirisha zaidi. Siku ileile ya kuvikwa vazi, huku baba yake akielekea kudhoofika, ndipo alipoongeza kwenye jina lake maneno Uso Mtakatifu, ule uso wa Yesu uliofunikwa kwa damu na mate usitambulike. Tunamwita Teresia wa Mtoto Yesu tu, kwa kuwa ni fupi. Jina lake kamili ni Teresia wa Mtoto Yesu na wa Uso Mtakatifu, na nusu ya pili aliiona kwa baba yake.

Tarehe 10 Mei 1892 walimrudisha Lisieux, miguu imekufa, haongei sana. Siku mbili baadaye walimpeleka Karmeli awaone mabinti zake watatu. Hakuweza kusema mengi. Walipoagana aliinua kidole akawaonyesha juu. Hawakuonana tena. Céline alibaki kumtunza, kumlisha, kumsukuma kwenye kiti cha magurudumu, huku akificha kwamba na yeye anaitwa Karmeli. Hilo nalo mzee alikwishalijua na kulibariki tangu mapema. Tarehe 29 Julai 1894, Jumapili, alifariki La Musse, nyumba ya shamba ya familia ya Guérin karibu na Évreux, Céline akiwa pembeni. Tarehe 14 Septemba Céline naye akaingia Karmeli.

Alitangazwa mwenye heri pamoja na mkewe mwaka 2008 huko Lisieux, na tarehe 18 Oktoba 2015 Baba Mtakatifu Fransisko aliwatangaza watakatifu, mume na mke kwa pamoja, katika Misa moja. Masalia yao yako katika basilika ya Lisieux inayoitwa kwa jina la binti yao.

Baba yangu yupo. Mkono wa kulia haujarudi vizuri, jina langu analipata siku mbili kati ya tatu. Mdogo wangu wa kike ndiye anayekaa naye, na kila nikimsoma Céline namkumbuka yeye, sijui kama nimewahi kumshukuru inavyotakiwa. Likizo hii nitakaa nyumbani wiki tatu ili yeye apumzike kidogo. Paroko amekubali.

Novena ya wazazi hawa watakatifu inaanza tarehe 3 Julai hadi tarehe 11. Mimi nitamtaja mzee wangu kila siku. Wewe uliye na baba, mama, babu au bibi nyumbani ambaye akili inakwenda na kurudi, mtaje na wako kwa jina.

Watakatifu Louis na Zélie, mtuombee.